Nani Atakaa na Diwani

Sekei, Arusha
2 Desemba 2024

Mzee Naftali,

Shikamoo. Hatujaonana. Mimi ni Mwalimu Anneth Nkya, watu wa hapa wananiita Mama Allen. Juzi nilikwenda kununua dawa ya kupe kwenye duka la dawa za mifugo anapofanya kazi binti yako Hope. Nikamwuliza kama anamfahamu mtu wa kukaa na mbwa wenyewe wakisafiri. Akasema, "Baba yangu, kule Nkoaranga. Anapokea mbwa." Nikaomba namba ya simu, akacheka sana. Anasema masikio yako yalistaafu kabla yako, na ujumbe wa simu huuwezi kwa sababu vidole vyako vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Basi nikamwambia nitaandika, na yeye atabeba barua. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na tatu, kuandika hakunitishi.

Sisi tunakwenda Machame kwa Krismasi, kwa wazazi wa mume wangu, kama kila mwaka. Unawajua Wachaga, ikifika katikati ya Desemba tunawaachia mji. Miaka yote mbwa alibaki na mlinzi, lakini mlinzi ameacha kazi, na wa kuokoteza kwa haraka simwamini.

Mbwa anaitwa Diwani. Mume wangu Stanley ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa anabweka sana na hakuna anachofanya. Ana miaka sita, rangi ya kahawia, sikio moja limelala. Si mbwa wa kizungu, ni wa hapa hapa. Sasa naomba unijibu bila kuruka swali. Unawafunga mnyororo? Mvua ikinyesha wanalala wapi? Wanakula nini, na nani anapika? Kuna mbwa wengine, na wana tabia gani? Akikataa kula unafanya nini? Na la mwisho, wewe mwenyewe unashinda nyumbani, au unamwacha mbwa na kwenda shughuli zako? Hilo ndilo kubwa. Sitaki akae peke yake.

Wako,
Anneth Nkya


Nkoaranga
5 Desemba 2024

Mwalimu,

Marahaba, na Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana nilijiona nimerudi darasa la saba.

Mnyororo sina. Mvua ikinyesha wanalala kwenye banda lililoungana na jiko, kuna joto. Chakula napika mimi. Nilikuwa mpishi wa hospitali ya hapa kwetu miaka thelathini na moja, nimewapikia uji watu waliokataa kula wa kila namna, na wengi walikula. Anayekataa simlazimishi. Nakaa karibu yake na kula changu taratibu bila kumtazama. Mgonjwa akiangaliwa mdomoni hali.

Mbwa wengine wapo wawili. Mmoja ni dume mpole, wa bwana mmoja wa Usa River. Wa pili ni wa mama mmoja wa kizungu, huyo kazi yake kulala. Hawatamsumbua.

Swali lako la mwisho. Mke wangu Ndeshi alifariki miaka mitatu iliyopita. Kahawa yangu ni miche mia na kidogo, migomba iko mlangoni, na kanisani naenda Jumapili kukaa tu kwa sababu mahubiri siyasikii. Sina pa kwenda. Mbwa wako hatakaa peke yake hata saa moja.

Njia ya kuja kwangu gari halipandi. Ukiamua kumleta, Hope atamchukua kwako na kumpandisha kwa miguu.

Naftali Akyoo


Sekei
8 Desemba 2024

Mzee Naftali,

Shikamoo. Umejibu maswali yote, umefaulu.

Usidhani umechaguliwa kwa kukosa mwingine. Nilikwenda kuangalia sehemu moja huko Njiro wanakotunza mbwa kisasa. Ni pasafi, sina la kulaumu, sakafu ya vigae na kila mbwa ana namba yake mlangoni. Lakini walivyopangwa ni kama wanafunzi wa bweni siku ya kwanza, kila mmoja anaangalia wazazi walikopitia. Diwani alilala chini akagoma kuingia, ikabidi nimbebe mpaka nje mbele za watu, na uzito wake ni kilo ishirini na sita. Halafu kuna binamu yangu Sombetini aliyejitolea. Huyo anaosha bodaboda uani kwake kutwa nzima, akasema, "Dada, namfunga hapa kwenye tenki, hana shida." Nikaaga.

Barua yako ilinifurahisha pale uliposema unakula naye. Basi mchukue.

Naleta na bakuli lake, na hii sweta ya kijani. Ni ya mzee wangu. Diwani anailalia. Naomba usiifue, hata ikinuka. Jambo jingine: saa kumi na mbili na robo jioni huwa anasumbua kidogo, kwa sababu ndiyo saa baba yake anayorudi kazini na pikapu. Ukiweza, saa hiyo mshughulishe na kitu.

Tunaondoka tarehe ishirini, lakini nitamtoa Jumamosi hii ya kumi na nne ili ahame taratibu.

Anneth Nkya


Nkoaranga
17 Desemba 2024

Mwalimu,

Mgeni alifika salama, akiwa amemchosha Hope kuliko njia yenyewe ilivyomchosha. Siku mbili hakula. Nilikula mbele yake mara sita, tumbo langu linalalamika. Jana asubuhi nilitengeneza loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, nikakaa nikala nikimpa mgongo. Nilipogeuka bakuli lake lilikuwa jeupe, na langu pia.

Sweta haijafuliwa na haitafuliwa.

Sasa hiyo saa kumi na mbili na robo. Uliniambia nimshughulishe, nimejaribu. Nimempa mfupa, ameuacha. Saa hiyo ikifika anaondoka jikoni, anakwenda kukaa ukingoni inapoishia njia ya kupandia, na kuangalia chini. Gari halipiti huko wala mlio haufiki, na saa ya ukutani sina. Anajuaje, sijui. Anakaa mpaka giza, halafu anakuja kulala juu ya sweta karibu na mguu wangu. Anavuta pumzi kubwa moja. Kuisikia siwezi, naihisi kwenye kifundo cha mguu.

Naomba kuuliza, siku anaondoka, baba yake alimwaga?

Wale wengine hawajambo. Lile jike la Usa River limempenda.

Naftali


Sekei
19 Desemba 2024

Mzee Naftali,

Shikamoo, na asante kwa loshoro. Hapa amezoea wali na dagaa, akirudi atatudharau.

Barua iliyopita uliandika kwamba mbwa wa Usa River ni dume. Sasa amekuwa jike. Nimekupigia mstari mwekundu.

Kuhusu kuaga, ndiyo, aliagwa. Mzee wangu huwa anamwaga kila akitoka. Na kuhusu kukaa njiani, naomba umwite ndani. Mwite kwa ukali kidogo, kama mwalimu. Usimwachie azoee.

Nyumba imekuwa kimya sana tangu aondoke, hata mzee wangu amelisema hilo. Kesho tunaondoka alfajiri. Kama una la kuniambia mwachie Hope, nitapata mtu wa kunichukulia.

Krismasi njema.
Anneth Nkya


Machame
26 Desemba 2024

Mzee Naftali,

Shikamoo na heri ya sikukuu. Barua hii nampa mtu anayekuja Arusha leo, ataiacha dukani kwa Hope.

Tulifika salama, tunakula na kunywa, mama mkwe mzima. Stanley anakusalimia. Jana tulisali vizuri. Mchungaji alituomba sote tuhamie mabenchi ya mbele ili tusionekane wachache, na kwaya walikuwa watano tu, sauti ya tatu haipo kabisa. Nilijisikia nikiimba, jambo nisilolizoea, nikanyamaza ubeti wa pili.

Diwani anaendeleaje? Bado anakaa njiani? Niambie kweli, usinipambie.

Anneth


Nkoaranga
27 Desemba 2024

Mwalimu,

Diwani anakula, ananenepa, na bado anakaa njiani. Kumwita kwa ukali nimeshindwa. Jana nilibeba kigoda nikakaa naye. Tulikuwa wawili, tunaangalia chini, mimi sijui ninachoangalia.

Sasa naomba ruhusa ya kusema jambo. Marehemu mke wangu alikuwa na shangazi aliyeolewa Machame, na Krismasi mbili nimesali huko. Mara zote mbili nilisimama nje chini ya turubai, kwa sababu ndani watu wamebanana hata mtoto hapati pa kupita. Wa Dar wamerudi, wa Arusha wamerudi, wa Nairobi wamerudi, na kwaya zinagombania zamu. Kanisa ambalo siku ya Krismasi mchungaji anawabembeleza watu wasogee mbele haliko Machame. Liko Arusha mjini, ambako ninyi wote mmeondoka.

Mimi si mpelelezi. Hope sikumwuliza, na yeye hakuniambia. Ila huyu mbwa nimemwangalia siku kumi na tatu. Hasubiri watu wawili waliosafiri. Anasubiri mtu mmoja, na si wewe.

Kama nimekosea, nifute kama unavyofuta ubao. Kama sikukosea, Mwalimu, naomba nikuulize kitu kimoja tu: siku ya Krismasi ulikula nini?

Naftali


Sekei
27 Desemba 2024, jioni

Mzee Naftali,

Nilikupa mbwa, sikukupa nyumba yangu uichungulie. Jumatatu saa nne asubuhi nitakuwa barabarani, pale gari linapoishia. Mlete Diwani na vitu vyake vyote. Sweta isisahaulike.

A. Nkya


Sekei
28 Desemba 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua ya jana usiijibu. Nimekwenda dukani kuirudisha, nimemkuta Hope anafungua duka, ameshaituma, na hakuniuliza nafanya nini mjini. Alinishika bega tu.

Nilikula mkate na chai ya rangi. Maziwa yalikuwa yamekwisha na sikutaka mwenye duka anione, maana nilishamwaga kwamba nasafiri.

Stanley alifariki tarehe kumi na moja Juni. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeitazama muda mrefu, sijawahi kuiandika wala kuitamka. Watu wengine ndio waliotangaza. Asubuhi ile alimwambia Diwani, "Mlinde mama," akatoka na pikapu. Saa tano wakanipigia kutoka kazini kwake kwamba ameanguka. Nilipofika alikuwa ameshaondoka. Na Mchaga hazikwi mjini, anarudishwa kwenye kihamba, katikati ya migomba ya baba zake, kwa hiyo kutoka chumba cha maiti tulikwenda moja kwa moja Machame. Hapa nyumbani hakupita. Diwani tulimfungia bandani siku nane kwa ajili ya wageni wa msiba. Aliona viatu vya watu wengi, jeneza hakuliona. Kwake yeye, Stanley amechelewa tu kazini.

Tangu siku hiyo, kila saa kumi na mbili na robo, Diwani yuko kwenye geti. Miezi sita, Mzee. Nikaona sitaweza tena. Ndipo nikatafuta pa kumpeleka, na nikakudanganya kwamba tunasafiri kwa sababu niliona aibu kusema namhamisha mbwa nami nipo nyumbani. Machame nao nikawadanganya. Niliwaambia siji Krismasi kwa sababu mbwa anaumwa, siwezi kumwacha. Shemeji yangu Philemoni akasema kwenye simu, "Shemeji, mbwa?" Mwanangu Allen yuko masomoni ng'ambo, anapiga Jumapili, naye anajua niko Machame.

Kwa hiyo nimekaa humu ndani pazia zimefungwa. Vitunguu sikaangi, jirani wasije wakasikia harufu, na Krismasi nilikwenda kusali kanisa la mbali ambako hawanijui. Juzi ndipo nikakumbuka kwamba jirani wa kulia wako Rombo na wa kushoto wako Marangu. Nimekuwa nikijificha kwa watu ambao hawapo.

Lakini kilichoniumiza si hicho. Jumapili ya kwanza bila Diwani nilisema leo nitakaa jioni yangu kwa amani. Saa kumi na mbili na robo nikajikuta nje, nimeshika komeo la geti. Mbwa hayupo, mimi nipo. Siku zote nilidhani ni yeye anayenitoa nje. Ni mimi, Mzee. Huenda hata yeye nimemfundisha mimi.

Machame sijarudi tangu tuzike. Nikiliona lile kaburi basi yamekwisha, na sitaki yaishe. Sasa nishauri wewe uliyefiwa kabla yangu. Nimchukue Diwani turudi kusubiri wote, au nimwache kwako moja kwa moja, angalau mmoja wetu apone?

Anneth


Nkoaranga
28 Desemba 2024, jioni

Mwalimu Anneth,

Pole. Pole sana, mwanangu. Naandika haraka Hope akuletee kesho baada ya ibada.

Ndeshi tulimzika hapa hapa shambani, hatua arobaini kutoka jikoni. Tulikuwa na mbwa wetu, Chui. Siku ya mazishi hakuna aliyemfukuza. Alisimama kati ya miguu ya watu akaona yote, na watu walipoondoka akalala juu ya udongo siku mbili. Siku ya tatu alikuja jikoni akala. Nami niliona yote, nilishika sepetu kwa mikono yangu. Sisemi haikuuma. Nasema nikimtaka Ndeshi, najua pa kwenda kukaa.

Wewe na Diwani hamna pa kwenda kukaa. Mna geti tu.

Usimwache kwangu moja kwa moja. Najua ninachokikataa, na usidhani ni chepesi. Mpeleke Machame akaone, na wewe uone. Hao wakwe zako wanadhani umewasusa, na mtu akidhani hivyo miezi sita, si vizuri. Mpigie Philemoni. Kama huna la kumwambia, mwambie mbwa amepona.

Jumatatu saa nne nitakuwa barabarani na Diwani.

Naftali


Machame
2 Januari 2025

Mzee wangu Naftali,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Safari hii ni Machame kweli. Philemoni anakuja Arusha kesho, ndiye atakayempa Hope barua hii, unaweza kumwuliza.

Jumatatu pale barabarani sikusema neno. Niliona afadhali, kwa kuwa usingelisikia, na mimi nisingeweza kulipaza. Asante kwa kunishika mkono wakati wote ule bila kuuliza kitu.

Nilimpigia Philemoni nikamwambia mbwa amepona. Kesho yake asubuhi alikuwa Sekei na gari. Diwani alitapika Boma Ng'ombe kwenye viti vyake, na shemeji akafuta mwenyewe, hakulalamika. Tulipofika mama mkwe alitoka na fimbo yake, ana miaka themanini na nne, akamtazama Diwani juu mpaka chini. "Huyu ndiye mgonjwa?" akauliza. Sikujua kama nicheke.

Kaburi wamelijengea vigae vyeupe. Mara ya mwisho lilikuwa udongo na maua. Jina limeandikwa, na tarehe zote mbili. Nilimshika Diwani kamba mpaka pale, nikamfungua, nikasimama pembeni nione atakavyolala kama Chui wenu. Akanusa kona moja. Akazunguka mara moja. Kisha akaona kuku wa mama, akaondoka mbio.

Nilipandwa na hasira, Mzee, sijui zilikotoka. Nikamwita kwa ile sauti ya darasani: "Diwani! Rudi hapa! Baba yuko hapa! Amekufa! Haji tena, unasikia? Haji!" Kihamba kizima kilisikia. Waliokuwa jikoni wakatoka. Diwani akasimama na kunitazama, sikio moja juu, na mimi nikakaa chini kwenye vigae.

Mama alikuja akaketi karibu yangu. Kushuka tu ilimchukua muda. Akasema, "Tangu Juni tunalia peke yetu. Tukasema mke wa Stanley hataki kulia na sisi." Nikamweleza yote, geti, sweta, uongo wa mbwa, mkate wa Krismasi. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia yeye kaburini alikuwepo, na mchanga alitupa, na bado mpaka mwezi wa nane alikuwa akitoka barazani kila akisikia gari. "Kuona hakutoshi, mwanangu," akasema. "Ni watu." Tulilia mpaka Philemoni akatuletea maji.

Uliniambia nikuambie kweli, au mimi ndiye niliyekuambia wewe. Basi kweli ni hii: dawa yako haikumponya mbwa. Jana jioni, saa yake ilipofika, Diwani alikwenda kwenye geti la hapa akakaa. Sikumzuia wala sikumfuata. Nilikuwa namenya ndizi na mama, na ndizi zilikuwa nyingi.

Nitabaki hapa mpaka tarehe ishirini. Nikirudi Sekei narudi na Diwani. Acha asubiri, nitakuwa ndani napika.

Salimia wageni wako wawili, dume na jike.

Anneth


Nkoaranga
9 Januari 2025

Mwanangu Anneth,

Marahaba. Barua yako nilimsomea Hope kwa sauti, nikaona anafuta macho kwa kanga, nikarudia ile sehemu ya kuku.

Mama mkwe wako amenishinda. Mwambie hivyo, na kwamba mpishi wa zamani wa Nkoaranga anamwamkia.

Sasa na mimi niseme langu, kwa kuwa wewe umeshasema lako lote na sioni vizuri nibaki nimejifunika. Wageni wawili hawapo. Bwana wa Usa River hayupo, wala mama wa kizungu. Niliwatunga siku ile nilipojibu maswali yako, nikiogopa kwamba ukijua sina hata mbwa mmoja utasema huyu mzee hana ujuzi, na utampeleka Diwani Njiro. Chui alikufa mwaka jana mwezi wa tatu. Hope aliona nakaa wiki nzima bila kufungua mdomo, maana kiziwi watu wanamkwepa, wanachoka kupayuka. Ndipo akaanza kuwaambia wateja kwamba baba yake anapokea mbwa. Miezi tisa aliwaambia. Aliyekuja ni wewe peke yako.

Siku kumi na sita niliongea na Diwani kuanzia chai ya asubuhi mpaka kulala. Nilimweleza habari za Ndeshi, za hospitali, za kahawa ilivyokuwa zamani. Mbwa hajui kwamba mimi ni kiziwi. Ananitazama usoni kama mtu anayengoja nimalize. Tangu umchukue, bakuli moja la loshoro linazidi kila asubuhi, na mimi mpishi wa miaka thelathini na moja sijui tena kupima chakula cha mtu mmoja.

Pasaka mwaka huu ni Aprili, na najua Wachaga mnarudi kwenu tena. Mlete. Lakini Aprili ni mbali, Mwalimu. Ukifika Sekei tarehe ishirini na kupumzika siku mbili tatu, Hope anaweza kupita kumchukua Jumamosi na kumrudisha Jumatatu. Magoti yako yakikubali njia yangu, njoo naye, nitapika kwa watu wawili na mbwa.

Huna haja ya kunitungia safari. Mlete hata kama huendi popote.

Naftali